Waimbaji wa Rwanda na Mauaji ya Kimbari ya 1994

Katika siku mia moja kati ya Aprili na Julai 1994, Rwanda ilipoteza watu wasiopungua 800,000 kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, na zaidi ya milioni moja kwa hesabu ya serikali ya nchi hiyo. Wengi mno walikuwa Watutsi, waliouawa kwa kosa la kuzaliwa Watutsi tu. Pamoja nao waliuawa Wahutu waliokataa siasa ya mauaji. Miongoni mwao walikuwamo waimbaji, wapiga gitaa, watunzi wa nyimbo za kanisani, wacheza ngoma na waigizaji wa redio ambao sauti zao zilijulikana nchi nzima. Cyprien Rugamba, André Sebanani na Rodrigue Karemera ni watatu wanaotajwa zaidi nchini kwao. Nje ya Rwanda, hata hivyo, mwanamuziki anayejulikana kuliko wote kuhusiana na mwaka huo ni Simon Bikindi, ambaye nyimbo zake zilipigwa na redio ya wachochezi. Vitabu na makala kumhusu ni vingi. Kuhusu waliouawa ni vichache. Pengo hilo halina haki, na njia ya kuanza kuliziba ni kueleza muziki wa Rwanda ulikuwaje kabla ya watu hao kutenganishwa na historia, mmoja akifikishwa mahakamani na wengine wakifikishwa kaburini.

Muziki wa zamani wa Rwanda ulilelewa katika ikulu ya mwami, yaani mfalme. Huko walikaa wapiga ngoma, wacheza intore waliofunzwa ukakamavu wa vita kwa njia ya uchezaji, mabingwa wa mashairi ya sifa, na wapigaji wa inanga, ala ya nyuzi iliyochongwa kwenye ubao mpana wenye umbo la sinia. Mpiga inanga aliimba kwa sauti ya chini, karibu na kunong'ona, akisimulia vita, ng'ombe mashuhuri na visa vya watawala. Huko vijijini palikuwa na muziki mwingine: nyimbo za kilimo, za harusi, za wawindaji, za kubembeleza watoto, na ala kama umuduri na ikembe. Ufalme ulipoondolewa mwaka 1961 na uhuru kupatikana Julai 1962, walezi wa sanaa ile ya ikulu walitawanyika. Wengine walikimbilia uhamishoni pamoja na maelfu ya Watutsi waliofukuzwa na machafuko yaliyoanza Novemba 1959. Wengine walibaki na kuingia katika vikundi vya ngoma chini ya jamhuri mpya.

Mlezi mpya wa muziki akawa redio. Radio Rwanda, redio ya serikali, ilikuwa kwa karibu miaka 30 kituo pekee kilichotangaza kutoka ndani ya nchi kwa ajili ya wananchi. Katika nchi ya vilima ambako magazeti yalifika kwa shida na umeme ulikuwa wa wachache, redio ya betri ndiyo iliyoleta habari za vifo, bei za kahawa, hotuba za rais na nyimbo. Mwimbaji aliyerekodiwa kwenye studio ya Radio Rwanda alisikika siku hiyo hiyo Cyangugu na Kibungo.

Kupitia redio hiyo zikaibuka bendi za miaka ya 1970 na 1980: Impala, Abamararungu, Les Citadins, Ingeli na nyinginezo. Magitaa yao yalifuata rumba iliyotoka Kongo, nchi jirani, lakini maneno yalikuwa ya Kinyarwanda na visa vilikuwa vya nyumbani: mume mlevi, jirani mwenye wivu, binti anayeposwa na watu wawili, kijana aliyekwenda mjini akasahau kwao. Impala ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Ilikuwa na waimbaji na wapiga gitaa waliojipa majina ya jukwaani, kama walivyofanya wenzao wa Kinshasa, na nyimbo zake zilikuwa na ucheshi uliozifanya zirudiwe na watoto kama hadithi.

André Sebanani alikuwa sauti mojawapo kuu ya bendi hiyo. Alikuwa pia mwigizaji wa michezo ya redio, na hapo ndipo umaarufu wake ulipopita wa wanamuziki wenzake. Msikilizaji aliyemjua kama mwimbaji wa mapenzi Jumamosi usiku alimkuta tena katikati ya wiki akiwa baba mkali, mzee mjanja au mkwe mlalamishi katika mchezo wa kuigiza. Rodrigue Karemera alikuwa wa namna nyingine. Huyu aliimba zaidi peke yake na gitaa lake, taratibu, nyimbo za mapenzi na za kukumbuka aliye mbali, na alikuwa na sauti laini isiyolazimisha. Nyimbo za watu hawa wawili hazikutaja kabila la mtu. Zilipendwa na Wahutu na Watutsi bila ya yeyote kuulizana, jambo linalofaa kuandikwa waziwazi, maana baada ya 1994 ni rahisi kudhani kwamba Wanyarwanda hawakuwahi kucheka pamoja.

Vitambulisho vyao ndivyo vilivyowatenganisha. Wabelgiji, waliotawala baada ya Wajerumani, walianzisha katika miaka ya 1930 kitambulisho kilichoandikwa kabila la mwenyewe: Muhutu, Mututsi au Mutwa. Jamhuri iliyofuata ikakihifadhi, na pamoja nacho ikaweka viwango vya idadi ya Watutsi waliokubaliwa shuleni na kazini. Machafuko ya mwaka 1959, mauaji ya Gikongoro mwishoni mwa 1963 na kufukuzwa kwa Watutsi mwaka 1973 yote yalisukuma watu nje ya mipaka. Wengi walikwenda Burundi, Uganda, Kongo na Tanganyika, baadaye Tanzania, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali iliwapa uraia maelfu ya wakimbizi hao.

Huko uhamishoni muziki ukawa namna ya kushikilia nchi. Athanase Sentore, bingwa wa inanga, aliishi Burundi na kuwafunza vijana uimbaji na uchezaji wa intore. Mwanawe Massamba Intore alikuja kuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa kizazi kilichofuata. Cécile Kayirebwa, aliyezaliwa mwaka 1946, alikimbilia Ubelgiji mwaka 1973 na huko akatunga nyimbo zilizounganisha sauti za zamani za Rwanda na ala za kisasa. Vijana waliozaliwa kambini, ambao hawakuwahi kuiona Rwanda, walijifunza majina ya mito na vilima vyake kwa nyimbo hizo. Chama cha RPF, kilichoundwa na wakimbizi hao, kilipoingia Rwanda kwa silaha kutoka Uganda tarehe 1 Oktoba 1990, nyimbo za wahamishwa zikawa nyimbo za askari, na redio yake, Radio Muhabura, ikazirusha kuvuka mpaka. Ndani ya nchi, kuzisikiliza kwa sauti kulimtia mtu mashakani. Katika wiki za kwanza za vita hiyo maelfu ya Watutsi na wapinzani walitiwa ndani kwa tuhuma za kuwa vibaraka wa adui.

Ni katika miaka hiyo minne, 1990 hadi 1994, ndipo Simon Bikindi alipofikia kilele chake. Alizaliwa mwaka 1954 katika mkoa wa Gisenyi, kaskazini-magharibi, eneo alilotoka Rais Juvénal Habyarimana. Alikuwa mtumishi wa wizara iliyoshughulikia vijana, mtunzi, mwimbaji na kiongozi wa kundi la ngoma liitwalo Irindiro. Kwa kipaji hakuwa mtu wa kubahatisha. Alijua mila za harusi, nyimbo za wakulima na methali za Kinyarwanda, na alizipanga na mdundo wa kisasa kwa ustadi uliowavutia hata waliochukia siasa yake. Wimbo wake *Twasezereye* aliutunga mwaka 1987 kwa maadhimisho ya miaka 25 ya uhuru, ukisherehekea kuagana na ufalme. Baada ya vita kuanza alitunga *Nanga Abahutu*, unaowashutumu Wahutu wasioshikamana na wenzao, na *Bene Sebahinzi*, unaowaita Wahutu kama ukoo mmoja wa baba mkulima na kuwatahadharisha na utumwa wa zamani. Hakuna ulioamrisha mtu auawe. Kazi ya nyimbo hizo ilikuwa kupanga kumbukumbu: nani mwenyeji, nani aliyemtawala mwenzake, nani msaliti. Maneno hayo yaliimbwa kwa lugha ya mafumbo ambayo kila mkulima aliielewa.

Nyimbo hizo zilipata chombo chake tarehe 8 Julai 1993, redio ya RTLM ilipoanza kutangaza kutoka Kigali. RTLM ilikuwa ya watu binafsi kwa karatasi, lakini wenye hisa wake walikuwa watu wa karibu na utawala. Ilijua kile ambacho Radio Rwanda haikukijua: vijana wanataka kuburudishwa. Ilipiga rumba mpya za Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, tangu asubuhi, watangazaji wake waliongea kama watu walioketi baa, walitania, waliwapa wasikilizaji nafasi ya kusema hewani, na katikati ya mzaha huo walitaja majina ya watu, mitaa wanakokaa na namba za magari yao. Nyimbo za Bikindi zilipigwa mara kwa mara. Mkataba wa amani kati ya serikali na RPF uliosainiwa Arusha tarehe 4 Agosti 1993 ulikuwa bado mbichi, na redio hiyo ilikuwa ikiutukana kila siku.

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowabeba Habyarimana na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi kutoka mkutanoni Dar es Salaam ilidunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Usiku huo huo vizuizi viliwekwa barabarani, na asubuhi ya tarehe 7 askari wa kikosi cha ulinzi wa rais walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na orodha.

Mmoja wa waliofikiwa asubuhi hiyo ni Cyprien Rugamba. Kati ya wasanii wote waliouawa, maisha yake ndiyo yanayoonyesha vizuri zaidi Rwanda ambayo ingewezekana. Alizaliwa mwaka 1935 katika eneo la Gikongoro, akasoma seminari akitarajia upadri, akaiacha, kisha akasomea historia Ubelgiji. Mchumba wake wa kwanza aliuawa katika mauaji ya 1963. Mwaka 1965 alimwoa Daphrose Mukansanga, ndugu wa mchumba huyo, na wakazaa watoto kumi. Ndoa ile haikuwa ya furaha kwa muda mrefu. Rugamba alikuwa ameacha imani, alikuwa mbali na mkewe, na alijitumbukiza katika kazi. Kazi hiyo ilikuwa kubwa: alikuwa mkurugenzi wa taasisi ya taifa ya utafiti mjini Butare, alikusanya mashairi ya kale ya Kinyarwanda kutoka vinywani mwa wazee, na aliunda kundi la uimbaji na ngoma, Amasimbi n'Amakombe, lililochukua urithi wa ikulu na kuupa maneno mapya. Nyimbo zake za wakati huo zilipigwa katika sherehe za serikali na katika harusi.

Mwaka 1982, baada ya ugonjwa, Rugamba alirudi kanisani, na nyumba yake ikabadilika. Alianza kutunga nyimbo za Kikatoliki kwa lugha ile ile ya ushairi wa kale, na kwa kuwa alikijua Kinyarwanda kwa kina kuliko watunzi wengi wa kwaya, nyimbo hizo zilienea parokia kwa parokia. Mwaka 1990 yeye na Daphrose walianzisha nchini Rwanda Jumuiya ya Emmanuel. Jijini Kigali walifungua kituo cha kulisha na kusomesha watoto wa mitaani. Alipinga waziwazi desturi ya kuandika kabila kwenye vitambulisho, katika nchi ambayo wakati huo msimamo huo ulimtosha mtu kuingizwa kwenye orodha.

Usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili familia ilikesha nyumbani ikisali. Asubuhi askari waliingia wakawaua Rugamba, Daphrose, watoto wao sita na watu wengine waliokuwamo nyumbani humo. Mwaka 2015 jimbo kuu la Kigali lilifungua rasmi uchunguzi wa kuwatangaza wenye heri mume na mke hao. Utunzi wake haukusubiri uamuzi wa Roma: nyimbo zake zingali zikiimbwa misani, mara nyingi na vijana waliozaliwa baada ya kifo chake.

Sebanani na Karemera pia waliuawa katika mauaji hayo. Juu ya saa zao za mwisho yameandikwa machache, na hali hiyo ndiyo ya wengi: mwanamuziki alifia kizuizini, au kanisani, au katika nyumba ya rafiki aliyemficha, na mara nyingi walioshuhudia walikufa pamoja naye. Sauti zao zilibaki kwenye tepu za Radio Rwanda na kwenye kaseti zilizokuwa zimeshauzwa. Mjane au yatima aliweza kuwasha redio miaka kumi baadaye akamsikia marehemu akichekesha watu katika mchezo wa kuigiza.

Ukubwa wa mauaji ulionekana hata nje ya Rwanda. Maji ya mto Kagera yalibeba maiti hadi Ziwa Viktoria, na wavuvi na wanavijiji wa Uganda wakazika maelfu yao katika maeneo ya Kasensero, Lambu na Ggolo, ambako leo kuna makaburi ya kumbukumbu. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, Tanzania, ndani ya muda wa siku moja hivi, na kambi ya Benaco ikageuka ghafla kuwa mji. Wengi wao walikuwa wakiwakimbia RPF waliokuwa wakisonga mbele, na ndani ya umati huo walikuwamo wauaji. RPF ilitwaa Kigali tarehe 4 Julai. RTLM ilihamisha mitambo yake hadi Gisenyi na kunyamaza mwezi huo huo.

Bikindi mwenyewe hakuwa Rwanda mauaji yalipoanza. Alikuwa ameondoka siku chache kabla kwenda Ulaya na kundi lake la ngoma, akarejea Juni. Alikamatwa Uholanzi mwaka 2001 na mwaka uliofuata akahamishiwa Arusha, makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliyoundwa na Baraza la Usalama mnamo Novemba 1994. Kesi yake iliyoanza Septemba 2006 ilikuwa ngeni katika historia ya sheria za kimataifa, kwa sababu sehemu kubwa ya ushahidi ilikuwa muziki. Nyimbo ziliandikwa neno kwa neno kwa Kinyarwanda, zikafasiriwa kwa Kifaransa na Kiingereza, kisha wataalamu wa lugha wa pande zote mbili wakabishana mbele ya majaji: fumbo hili lina maana gani, mkulima wa Gisenyi angelielewaje, na je, kumkumbusha mtu utumwa wa babu yake ni sawa na kumwambia aue?

Hukumu ya tarehe 2 Desemba 2008 ilitenganisha mambo ambayo watu wengi huyachanganya. Majaji walikubali kwamba nyimbo zile zilipotosha historia ya Rwanda ili kusifu mshikamano wa Wahutu, kwamba ziliendeleza chuki ya kikabila, na kwamba kupigwa kwake redioni mwaka 1994 kuliongeza moto wa mauaji. Lakini zote zilitungwa kabla ya 1994, na haikuthibitishwa kwamba Bikindi ndiye aliyeamua zipigwe mwaka huo. Kwa hiyo hakutiwa hatiani kwa nyimbo zake. Alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyasema mwishoni mwa Juni 1994 kwenye barabara kati ya Kivumu na Kayove, akiwa ndani ya msafara wa wanamgambo wa Interahamwe, gari likiwa na kipaza sauti kilichokuwa kikipiga muziki. Hapo aliwahimiza Wahutu wawaangamize Watutsi, na msafara uliporudi akawauliza kama wameifanya kazi hiyo. Alihukumiwa miaka 15 kwa kosa la kuchochea moja kwa moja na hadharani mauaji ya kimbari. Rufaa ilikataliwa mwaka 2010. Alifariki mwishoni mwa 2018 nchini Benin, alikokuwa amepelekwa kutumikia kifungo.

Hukumu hiyo iliwaudhi manusura wengi, nao walikuwa na haki ya kuudhika, maana walizisikia nyimbo zile vizuizini. Hata hivyo ilikuwa hukumu sahihi. Mahakama inayofunga mtu kwa wimbo huipa kila serikali fimbo ya kuwachapia watunzi wake; mahakama iliyomfunga mtunzi kwa amri aliyoitoa kwa kipaza sauti ilishika kosa lenyewe.

Ndani ya Rwanda muziki ulirudi ukiwa na kazi mpya. Kila mwaka kuanzia tarehe 7 Aprili nchi huingia katika wiki ya maombolezo, na kumbukumbu huendelea hadi Julai. Katika wiki hiyo kumbi za starehe hufungwa, harusi hazifanywi, na redio huacha muziki wa kuchezeka. Kinachosikika ni nyimbo za kumbukumbu, aina ya utunzi iliyozaliwa baada ya 1994. Ni nyimbo za mwendo wa polepole, kinanda na gitaa vikiwa nyuma, na maneno yake mara nyingi yamefungamana na mahali: kilima fulani, parokia fulani, shule fulani ambako watu walikimbilia wakidhani wamesalimika. Dieudonné Munyanshoza, ajulikanaye kwa jina la Mibirizi, amejulikana kwa kutunga nyimbo za namna hii kwa ajili ya mahali mbalimbali, akitaja majina ya watu waliouawa hapo ukoo kwa ukoo. Wimbo wa aina hiyo hufanya kazi ya rejista. Pale ambapo familia nzima iliisha na hakuna aliyebaki wa kulitaja jina, mwimbaji hulitaja mbele ya umati.

Kwenye mkesha wa kumbukumbu hali huwa nzito. Watu huketi kuzunguka moto, manusura mmoja husimulia, kisha wimbo hufuata, na mara nyingi ni wakati wa wimbo ndipo mtu mmoja hupiga ukelele, kisha wa pili upande wa mbali, kama vile wamerudishwa mwaka ule. Wahudumu waliofunzwa huwa tayari pembeni. Huwainua waliozidiwa na kuwapeleka mahali palipo kimya. Jambo hili hutokea hata kwa vijana waliozaliwa baadaye. Mjini Kigali kitovu cha kumbukumbu ni Gisozi, palipofunguliwa mwaka 2004, ambapo wamezikwa zaidi ya watu 250,000. Mwaka 2023 UNESCO iliziingiza Gisozi, Nyamata, Murambi na Bisesero katika orodha ya urithi wa dunia.

Wengine walibeba kumbukumbu hiyo mbali. Jean-Paul Samputu, aliyeshinda tuzo ya Kora mwaka 2003, alipoteza wazazi na ndugu, na baadaye akamsamehe hadharani muuaji aliyekuwa rafiki yake wa utotoni. Corneille alikuwa na miaka 17 familia yake ilipouawa mbele yake Kigali. Alitembea hadi Zaire, akafika Ujerumani kisha Kanada, na albamu yake ya kwanza ya mwaka 2002 ilimfanya nyota katika nchi zinazosema Kifaransa. Stromae, mwimbaji wa Ubelgiji, ni mwana wa msanifu majengo Mnyarwanda aliyeuawa mwaka 1994. Wimbo wake wa 2013 kuhusu baba asiyekuwapo ulichezwa katika kumbi za dunia nzima na watu wengi wasiojua kisa chake. Mwaka 2015 alitumbuiza Kigali.

Kumbukumbu ina mipaka yake pia, na mtu aliyeigusa ni Kizito Mihigo. Alizaliwa Kibeho mwaka 1981, akanusurika akiwa na miaka 12 baada ya baba yake kuuawa, akasomea muziki Paris na kurejea kuwa mwimbaji mkuu wa sherehe za kumbukumbu za taifa, mtunzi wa nyimbo za kanisa na za upatanisho aliyependwa kuliko wote wa rika lake. Machi 2014 alitoa wimbo *Igisobanuro cy'Urupfu*, ulioomba huruma iwafikie pia waliokufa kwa ukatili mwingine usioitwa mauaji ya kimbari. Wimbo uliondolewa hewani. Mwezi uliofuata alikamatwa, na Februari 2015 alihukumiwa miaka kumi kwa kula njama dhidi ya serikali. Alisamehewa na rais Septemba 2018, akakamatwa tena Februari 2020 karibu na mpaka wa Burundi, na tarehe 17 mwezi huo polisi walitangaza kwamba amekutwa amekufa selo, wakisema alijiua. Mashirika ya haki za binadamu yalidai uchunguzi huru. Haki ya kuombolezwa haipungui kwa kugawiwa watu wengine, na kifo cha manusura aliyeimba hivyo kinastahili maelezo kamili.

Kuhusu wale wa 1994, kazi iliyobaki ni ya kuhifadhi. Waliosalia wa Impala waliifufua bendi yao na kuzipiga upya nyimbo za zamani mbele ya vijana. Kumbukumbu za mahakama ya Arusha, zikiwamo kanda za RTLM zilizotumika kama vielelezo, zinatunzwa katika jengo lililojengwa mahususi nje kidogo ya jiji hilo, kwenye vyumba vyenye ubaridi unaodhibitiwa. Sauti za wachochezi kwa hiyo zimehifadhiwa vizuri kwa ajili ya watafiti wa karne zijazo, na ni sawa zihifadhiwe. Sauti za Sebanani, Karemera na Rugamba zinastahili chumba kama hicho. Kaseti zao ziliuzwa nje ya Rwanda pia, na wahamiaji walizibeba. Mwenye moja nyumbani, iwe Bujumbura, Bukavu, Bukoba au Kampala, na ainakili sasa kabla utepe haujaoza, na aandike juu yake jina la mwimbaji.